Watu wa Mkono wa Kushoto

Tangu Fundi Ghalib akibadilishe kioo, televisheni ya Bi Nana ilijaa watu wanaokula kwa mkono wa kushoto.

"Jana waziri kampa mgeni mkono wa kushoto," Bi Nana alisema. "Na harusini watu wote wala pilau kwa kushoto, bila haya. Wallahi, watu kama hawa siwataki nyumbani mwangu."

Hii ilikuwa mara ya tatu Ghalib kuitwa. Mara ya kwanza alizungusha vifundo vya mwangaza. Ya pili alipanda paani kugeuza antena. Sasa kila alipopita kwa kinyozi na begi lake la vifaa, watu walimuuliza, "Leo tena?" na kicheko kikamsindikiza mpaka mwisho wa mtaa.

Na lau ingekuwa ni jina la ufundi tu, angevumilia. Lakini Ghalib alikuwa amepeleka posa kwa Tumu, mjukuu wa Bi Nana, naye bibi alikwisha tamka mbele ya jamaa kwamba asiyeweza kumrudishia picha yake hatapewa mjukuu wake.

Ghalib akafungua mgongo wa televisheni. Kile kioo kilitoka kwenye televisheni ya kampuni nyingine, na rangi za nyaya zake zilikuwa ngeni kwake. Ufundi aliufunzwa Changamwe, kwa macho na mikono: nyekundu kwa nyekundu, manjano kwa manjano. Akalehemu upya kwa risasi kila kiungo, kila waya palepale alipoukuta, akafunga.

Picha ikatulia, nyeusi ikawa nyeusi na nyeupe ikawa nyeupe.

"Yaonesha vyema, Bi Nana. Watu wenyewe ndio walivyo siku hizi."

"Mimi herufi za kizungu sizijui," Bi Nana alijibu, "lakini mkono wa kulia naujua."

Tumu alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amerudi jana tu kutoka chuo cha ualimu, na pale aliposimama kioo hakukiona. Mara picha ikaondoka. "Sasa yamebaki maandishi matupu," Bi Nana alilalamika.

"Hivyo ni vipindi vya leo?" Tumu aliuliza. "Hebu nisomee, Ghalib."

Ghalib akayakazia macho maandishi. "Katuni. Kisha taarifa ya habari, kisha taarabu."

"Yasomeka vizuri?"

"Vizuri kabisa, hata ukungu hayana."

Tumu akafuta mikono, akaja kukaa kando ya bibi yake. Akatazama kioo kwa muda mrefu, kisha akamtazama Ghalib, ambaye tayari alikuwa ameliinamia begi lake, masikio yakimwaka.

"Haya, mwanangu," Bi Nana alisema. "Wewe umesoma. Imepona au haikupona?"

Maneno yalikuwa yamegeuka yote, yakienda kinyume kama kwenye kioo cha kujitazamia, na Tumu ilimbidi ayasome herufi moja moja kutoka kulia: *Tunaomba radhi, matangazo yamekatika.*

"Imebaki kasoro kidogo tu, bibi, nayo yatengenezeka," alisema kwa upole. "Ghalib, kesho njoo na daftari na penseli."