Mpishi Aliyepandishwa Cheo Misima

Kwa siku tatu mfululizo Mwinjuma aliwauzia watu chumvi na mafuta ya taa akiwa amekaa kitako kwenye kiti chake, hainuki hata kwa mzee, kwa sababu alikuwa amekalia barua.

Siku ya nne Mama Rehani aliingia katika duka la kijiji, na nyuma yake darasa zima la kisomo cha watu wazima, madaftari kwapani.

"Shikamoo, mama," alisema Mwinjuma, bado kakaa.

"Marahaba. Hebu simama, mwanangu."

Alisimama. Angefanyaje? Bahasha ilikuwa imekunjamana kama jani la mgomba, lakini stempu ya Ulaya ilionekana vizuri.

"Nikusomee, mama?" Mwinjuma alinyoosha mkono kuichukua.

"Safari hii nasoma mwenyewe. Twende nyumbani. Nikishamaliza ndipo nitakujibu ile posa yako."

Posa ilikuwa ya Mwaija, binti wa Mama Rehani, na Misima yote ilijua yaliyompata mchumba wa kwanza. Yule alijigamba kuwa ana mbuzi kumi na wawili, wakakutwa tisa, akatimuliwa siku hiyo hiyo. Mbuzi watatu tu!

Uongo wa Mwinjuma haukuwa wa mbuzi. Miaka miwili nyuma, mfuko wa posta uliposhushwa dukani kwake ukiwa na barua ya kwanza, Rehani alikuwa akimwarifu mama yake kwamba amepata kazi katika ubalozi wetu huko Ulaya: anapika. Ndiye Rehani yule yule aliyetoroka shule wiki ya kwanza na tangu hapo hakushika kitu ila mwiko, jikoni kwa mabwana wa mkonge kule Mnyuzi. Lakini Mwaija alikuwa amesimama mlangoni, katega sikio, macho yanang'aa, na neno "mpishi" likakataa kutoka.

"Ni karani," Mwinjuma alisoma. Mwaija akacheka kwa furaha, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Barua ya pili akampandisha Rehani kuwa Katibu wa Tatu. Ya tatu, Katibu wa Pili. Ya nne, wa Kwanza. Akamhamishia Kairo, akampeleka Delhi, akamfikisha Peking, popote pale kitabu cha jiografia kilipomwelekeza. Mwandiko wa barua zile ulikuwa wa kulala, umenyooka kama wa karani wa mahakama. Ulikuwa raha kuusoma na rahisi kuuruka.

"Mbona mfalme wa kwenye stempu ni yule yule?" Mama Rehani aliwahi kuuliza. "Kairo yeye, Peking yeye?"

"Ni mtu wa kusafiri sana, mama."

Mambo yangeishia hapo kama si Mwalimu Hiza wa kisomo. Miezi miwili iliyopita, bila kumwambia mtu dukani, aliwapa wanafunzi wake zoezi la kumwandikia barua ya pongezi Ndugu Rehani, Katibu wa Kwanza wa Ubalozi, fahari ya Handeni nzima. Mwinjuma alikuja kusikia barua ikiwa imeshaondoka, na sasa majibu yalikuwa yamekuja.

Uani kwa Mama Rehani hapakuwa na pa kutema mate. Mwaija alikaa mkekani, karibu na mlango. Mwinjuma alijisogeza upande wa njia. Mama Rehani alichana bahasha, akakohoa, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Ma-ma... Re-ha-ni. Mi-mi... ba-lo-zi..."

Loo! Vigelegele vilipasuka. Balozi! Mzee mmoja alirusha kofia yake juu ya paa, na ngoma ikaanza kulia, isijulikane imetoka wapi. Mwinjuma mwenyewe alijikuta anapiga makofi. Kichwa kilimzunguka. Yeye hakuwa amempandisha hadi huko! Kumbe maneno yake yana nguvu kiasi hicho?

"Nyamazeni, mnanipoteza mstari!" Kidole kilirudi mahali pake. "...ndi-ye... ni-na-ye-mwa-ndi-ki-a... Re-ha-ni... ba-ru-a... za-ke."

Ngoma ikakatika.

Kidole kiliendelea kutembea, silabi kwa silabi, na watu wakayasikia yote. Rehani hajui kusoma wala kuandika. Rehani ni mpishi, na pilau lake halina mfano. Barua ya pongezi balozi alimsomea kule kule jikoni, na Rehani akacheka hadi akaunguza wali. Hajawahi kuwa katibu wa kwanza wala wa mwisho, na Kairo hakujui.

Uani pote watu waligeuka kumtazama Mwinjuma.

"Na Peking je?" Mwaija aliuliza.

Mwinjuma aliangalia njia ya kwenda Korogwe. Miguu iligoma.

"Nisamehe, mama. Niliona mnavyofurahi, nikashindwa kuacha. Nilitaka Mwaija acheke." Aibu ilimjaa hadi masikioni. "Najua posa yangu imekwisha. Acha niende."

"Kaa chini," alisema Mama Rehani bila kuinua macho. "Barua haijaisha."

Akalamba kidole, akageuza ukurasa, akasoma. Safari hii hakukwama sana.

"Huyo msomaji wenu msimwadhibu. Nina makatibu watatu hapa, na hakuna hata mmoja anayeweza kuwafurahisha watu kwa habari ndogo kama yeye. Nimeshaiandikia wizara impe kazi hapa. Mleteni. Na aje na mke, huku baridi ni kali."

Mama Rehani aliinua macho kumtafuta binti yake. Mkeka ulikuwa mtupu. Mwaija alikuwa ameshaingia ndani kufunga mizigo.