Mpira wa Juu, Kona ya Kushoto

Katika mechi ile ya futiboli ya Kimarekani, mpira wa tatu wa kuanzisha nao ulipita juu ya vichwa vyote, ukavuka eneo la mwisho, ukagonga uzio chini ya ubao wa matokeo. Mashabiki wa Chuo cha Marlow walishangilia mguu wa Emmett Kolar. Kocha Stroud hakushangilia.

Wakati wa mapumziko alimsimamisha kando ya mapipa ya maji.

"Nilikwambia upige wapi?"

"Juu, Kocha. Kona ya kushoto, ushuke karibu na mstari wa goli."

"Na umepiga wapi?"

Emmett aliutazama uzio. Mpira ukitoka nje hivyo, mpinzani hupewa yadi ishirini na tano za bure. Ukipaa sana na kushuka konani, mpokeaji huudaka, na kabla hajapata mwendo wachezaji kumi wa Marlow wameshamvamia. Msimu mzima mbinu hiyo iliwapa ushindi, na fundi wake alikuwa Emmett. Wiki mbili sasa hakuwa amepiga hata mmoja wa namna hiyo.

"Ni upepo, Kocha."

"Usinidanganye. Mpigaji akikosea, mguu wa kusimamia hukosea kwanza. Wako unatua palepale, na kifua umekilaza mbele. Unapiga mbali kwa kukusudia."

Kocha msaidizi, Delbert, alionyesha kwa kidevu viti vya juu, walikokaa watu wawili wenye makoti ya klabu ya kulipwa, waliokuja kuchagua wachezaji. "Anawapigia wale. Wanapenda mguu mrefu."

"Wapigie," alisema Stroud. "Lakini mmoja zaidi wa namna hiyo, nafasi yako hapa imekwisha, na ufadhili wa masomo unakwenda nayo. Una la kusema?"

Emmett alitazama nyuma ya bega la kocha. Nyundo, namba arobaini na moja, alikuwa amesimama anakunywa maji. Alitikisa kichwa, polepole sana.

"Hapana, Kocha."

Nyundo aliishi na Emmett chumba kimoja bwenini. Lilikuwa jina la utani, ila chuoni hakuna aliyemwita jingine. Kila mpira ulipopigwa, yeye ndiye aliyemfikia mpokeaji kwanza, na kwa kichwa. Stroud hakuwahi kumsifu hata siku moja. Alimkaripia kuliko wengine wote, na Nyundo alijibu kama wengine wote: "Ndiyo, Kocha." Kwa Stroud hapakuwa na jibu jingine. Aliyeteleza akamwita vinginevyo, hata awe wa damu yake, alikimbia kuuzunguka uwanja hadi atapike.

Walirudi uwanjani kupitia njia ya chini ya majukwaa.

"Kaka, nipe mmoja tu wa kuwinda," Nyundo alisema. "Yule mpokeaji wao ananichekea tangu mwanzo. Ananiuliza kama nimekuja kuvuna mahindi."

"Mwache acheke."

"Rahisi kwako. Wewe ukishapiga, kazi yako imekwisha." Alifunga mkanda wa kofia yake ngumu. "Kipindi hiki tunapiga kuelekea wapi?"

"Kwenye mnara wa maji."

Walipofika mlangoni Nyundo akageuka. "Eti, tunapiga kuelekea wapi?"

Emmett alisimama. "Nimekujibu sasa hivi. Ni kama wiki mbili zilizopita, ulipogonga kichwa."

"Nakutania, bwana. Mbona umekunja uso hivyo?"

Emmett aliweka mpira juu ya kishikizo chake cha plastiki, akarudi nyuma, akainua mkono. Upande wa kushoto Nyundo alikuwa ameinama, tayari kutimka. Kwa mpira wa juu angepaswa kuegemea nyuma kidogo na kuuchota. Alijua namna ya kufanya hivyo kama alivyojua kutembea.

Alilaza kifua mbele. Mpira ukaenda kugonga uzio.

Stroud alinyoosha mkono bila kumtazama. "Jezi."

Emmett aliivua, akampa, akasimama kwenye baridi na fulana ya ndani.

Zikiwa zimebaki dakika chache Marlow walipata alama, wakaongoza kwa tatu. Anayepata alama ndiye hupiga mpira wa kuanzisha tena, na safari hii mpigaji alikuwa Pruitt, wa mwaka wa kwanza.

"Juu," Stroud alimwambia. "Kona ya kushoto." Kisha akamgeukia Emmett. "Tazama vizuri. Namba arobaini na moja anajitoa mwili na roho kwa ajili ya chuo hiki. Wewe umemnyima kazi wiki mbili kwa ajili ya watu wawili wenye makoti."

Pruitt aliupiga vilivyo. Mpira ulikaa hewani muda mrefu, na uwanja mzima ukainua macho kuufuata. Emmett hakuutazama mpira. Alitazama chini, upande wa kushoto.

Mlio wa kofia mbili kugongana ulisikika mpaka majukwaani. Mpokeaji aliinuka kwenye yadi ya kumi, mpira bado kifuani; Nyundo hakuinuka. Majukwaa yalilipuka kwa furaha, kisha yakatulia safu kwa safu.

Stroud, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, alimpita daktari mbio. Emmett alimfuata. Kocha alipiga magoti, akaushika mkono uliolegea kwenye nyasi.

Nyundo alifumbua macho.

"Baba," alisema, "tunapiga kuelekea wapi?"