Kibuyu cha Asubuhi ya Kura

Karatasi ya kura ilichungulia kwenye mkoba wangu, na baba akaiona.

Hapa Rosario wengi tunatoka nayo nyumbani, kila mmoja karatasi ya chama chake, tayari ya kutumbukiza sandukuni. Yangu ilikuwa na sura ya mtu ambaye baba hamtaji jina. Humwita "yule mwizi wenu".

Tulikuwa tunakunywa yerba, majani machungu kama chai, kibuyu kimoja kwa zamu, mrija mmoja wa chuma, mimi nikimimina maji ya moto. Baba alikuwa kwenye kibuyu chake cha kwanza. Kwa kawaida hunywa sita, saba.

"Kumbe na wewe," akasema.

"Baba, kura tu hiyo."

"Kiwanda kimefungwa, ndugu yako kakimbilia Hispania, halafu unaniambia kura tu?"

"Waliokifunga si ni hao hao wenu?"

Alifyonza mpaka mrija ukakoroma.

Kwetu, anayerudisha kibuyu kimya anataka tena. Anayesema asante amemaliza, hamiminiwi tena. Mama amekufa miaka kumi na moja sasa, na asubuhi zote hizo baba hajawahi kulitamka neno hilo kabla yangu. Mimi ndiye ninayechoka kwanza.

Akaninyooshea kibuyu. Kilikuwa bado na joto la kiganja chake. Nikainua birika kama siku zote, nikaanza kumimina.

"Asante, dada," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kwa muuza mkate.

Akavaa kofia, akatoka. Kibuyu cha pili nilikuwa nimeshakijaza.