Bahasha ya Mwalimu Kwanini

Hakuwa na diploma, wala mume, wala mtoto wa kumtuma dukani. Hakuwa na kiti chenye mgongo. Alikalia stuli, juu ya mto alioushona mwenyewe. Hata dirisha hakuwa nalo, kwani meza yake katika ofisi ya shule ilitazamana na kabati la mafaili. Lakini karani huyu wa taipu alikuwa na kitu kimoja ambacho mwingine yeyote pale hakuwa nacho: aliweza kuusoma mwandiko wa mwalimu wa falsafa.

Mwandiko wenyewe ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino kisha akakumbuka safari. Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Kwanini, maana hata ukimwamkia atakuuliza sababu. Kwa miaka kumi na moja, kila alichoandika, mitihani, mihadhara, hata tanzia ya mama yake, kilipita kwenye vidole vya karani. Alimjua mtu yule kuliko daktari wake.

Kisha Kwanini akanunua kompyuta.

Aliileta kwa mkokoteni, akaiweka katika chumba kidogo kilichopakana na ofisi, akaifunika kitambaa cheupe kama bibi harusi.

"Bi Karani, njoo uone ajabu!" aliita siku ya kwanza. "Ukikosea, unarudi nyuma tu, na kosa linakuwa kama halikuwahi kuwapo. Sasa nikuulize: kosa lisiloacha alama, ni kosa?"

"Ya kwako nilikuwa nayasahihisha bila kukuuliza," alijibu, na hakuinuka.

Karani wa meza ya pili, mama mmoja mcheshi, alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Kipya kinyemi, shoga, kingawa kidonda! Umeletewa mke mwenza, tena wa umeme."

"Mwenza? Kwani mume wangu hapa ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyenuna."

Kicheko kilikoma siku mkuu wa shule alipopita akasema kwamba, walimu wakianza kujichapia wenyewe, mwisho wa muhula karani mmoja ataondoka. Yule mcheshi alikuwa na watoto watatu nyumbani na shangazi kwenye bodi ya shule. Jibu halikuhitaji falsafa.

Tangu hapo karani hakuisikia tena taipu yake. Alisikia chumba cha pili tu. Kwanini alicheka na mashine. Aliisemesha. "Haya, mama, rudi nyuma kidogo... hapo hapo, ahsante." Ahsante! Yeye alikuwa akiachiwa rundo la karatasi mezani, na mlango ukifungwa. Asubuhi moja, kikombe mkononi, alijikuta amesimama mbele ya kibodi akipima jinsi chai inavyoweza kumponyoka mtu. Mwishowe akainywa. Ilikuwa imepoa.

Wiki tatu nzima Kwanini aliandika ukurasa mmoja. Yeye, aliyezoea kumtupia kurasa arobaini bila kuzisoma mara ya pili! Akichapisha, anachana, akichana, anaanza upya. Karani alipojitolea kumsaidia, mwalimu alikiziba kioo kwa mikono miwili, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Hii hapana, Bi Karani. Nyingine zote, ila hii hapana."

Mwalimu alipokwenda darasani, karani aliokota kipande kwenye kapu la taka. Herufi zilikuwa safi, zimenyooka, hazimhitaji mtu. Zilisema: "Miaka kumi na moja inatosha. Haifai mambo haya yaendelee kwa mshahara wa shule."

Alirudi kwenye stuli yake akaketi polepole. Basi ndivyo. Kumwacha hakukutosha, sasa anamwandikia mkuu afukuzwe, tena kwa msaada wa yule mwenza wa umeme.

Ijumaa, saa nane mchana, Kwanini alitoka na bahasha nyeupe, haijafungwa wala kuandikwa kitu juu yake.

"Itoke leo, tafadhali. Na usiisome."

"Mkuu yuko hapo, hatua kumi. Posta ya nini?"

"Jambo zito humpi mtu huku unamkodolea macho," alisema mwalimu, akitazama viatu vyake.

Tarishi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na mfuko wa barua. Karani aliilamba bahasha, akaifunga, akaipiga ngumi mbili zaidi ya ilivyohitaji, akabandika stempu. Akashika kalamu.

"Anwani?"

Mwalimu alimpa mgongo, kama alivyofanya siku zote akimtajia maneno ya kuandika. "Sanduku la posta mia saba na tatu."

"Jina?"

"Halihitajiki. Sanduku hilo lina mtu mmoja tu."

Mkono uliandika wenyewe, kama ulivyozoea, huku moyo ukiwa umekwisha kufungasha vitu vyake na kuondoka. Tarishi akaitia bahasha mfukoni, akapanda baiskeli, akavuka geti. Ndipo ile namba ilipomrudia karani masikioni, na vidole vyake vikapanda hadi shingoni, paliponing'inia ufunguo wa sanduku hilo.