Pima Moja ya Mchanga

Mwaka ule vita vilipokwisha, pikipiki zilishindana ufukweni Likoni maji yakiwa yamekupwa. Anayempita mwenzake sharti amwachie nafasi ya pima moja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Mdogo wa Ruwa alimpita baharia mmoja kwenye kona, na baharia akaanguka.

Ruwa, aliyekuwa mwamuzi, alijilaza kifudifudi kati ya alama za magurudumu apime nafasi kwa mikono yake. Mchanga mbichi ulimpokea kama usingizi. Kidole cha kushoto kiligusa alama ya baharia. Cha kulia kikazama katika alama ya mdogo wake, kiwiko kingali kimekunjika.

“Pima imetimia, kaka?” mdogo wake aliuliza.

Wimbi likaja taratibu, likazifuta alama zote mbili.

Ruwa akainuka, mkono wa kulia ungali umekunjika vilevile, watu wauone.