Mbegu ya Ukoo

Maduhu alimaliza ugali, akalamba vidole, ndipo akamwambia mjane wa kaka yake aondoke.

"Nguo zako chukua, shemeji. Mbegu ziache. Mbegu ni za ukoo."

Nyamizi alimsogezea maji ya kunawa. Miaka yote ya ndoa yake, ni yeye aliyepita shambani kabla ya mavuno akiyatikisa masuke ya mtama. Suke lililoshika punje zake alilitunza kwa mbegu. Lililopukutika lilikuwa limechanganyika na mtama mwitu wa kando ya mto, na hilo alilichoma, maana uzao wake humwaga punje zote chini kabla mtu hajafika na kisu.

Mwaka huu hakuchoma kitu.

"Ziko wapi?"

"Hapo juu ya jiko. Si unayaona masuke?"

Maduhu alipanda kigoda, akayafungua kwenye moshi. Yalikuwa makubwa, mekundu, ya kupendeza macho. Akajitwika.

"Mwakani utazisikia habari za shamba hili ukiwa kwenu."

"Nitazisikia," alisema Nyamizi. "Ugali ulikuwaje?"

"Mtamu. Hilo sikunyimi."

"Nilisaga ule mtama mzuri. Wote."

"Ulifanya la maana," alisema Maduhu, akainama mlangoni akatoka.

Alishika njia bila kugeuka. Nyuma yake punje ilidondoka, ikafuata nyingine, kisha nyingi, na kuku wa Nyamizi wakaanza kumfuata.