Kidoti cha Mama

Mzee aliibandua karatasi taratibu kutoka kwenye ubao aliouchonga na kuupaka wino, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Uso wa marehemu mkewe ukatokea kwa wino mweusi, ukitabasamu.

"Baba, umetisha!" binti yake alisema, akichungulia juu ya bega lake. Kisha akasita. "Lakini kidoti cha mama kilikuwa shavu la kulia."

Mzee akatazama. Kweli, kidoti kilikuwa kushoto. Kumbe ubao ukigandamizwa kwenye karatasi hugeuza kila kitu, na hilo hakuna aliyemwambia.

"Si neno. Nitachonga mwingine, safari hii niigeuze picha kwanza."

"Haya, iko wapi? Maana tunayo hiyo hiyo moja."

Mzee akautazama ubao. Mwalimu wa kwenye simu alisema gundisha picha ubaoni, kisha chonga humo humo. Naye aligundisha, akachonga wiki nzima, raha tupu.

Binti aliinama chini ya meza, kwenye maranda ya mbao yaliyotapakaa sakafuni. Akaokota kipande kidogo cha picha, akakipuliza. Kilikuwa jicho la mama yake, bado linacheka.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "simama hapo hapo. Usisogeze mguu."